Bega la Kushoto

Nakaale wa Ngaremara alikuwa na aibu moja aliyokaa nayo miaka mingi, na aibu hiyo ilikuwa ngozi ya mtoto wake. Ngozi ya Ebei ilikuwa laini. Kifua laini, mabega laini, kama ya mtoto wa mjini aliyekuzwa kwa maziwa ya pakiti. Marehemu baba yake, Lodio, alikuwa na vidutu vimepangwa mistari kwenye bega la kulia, vidogo vidogo, na ukipitisha kidole ni kama unapitisha juu ya gunzi la mahindi lenye mbegu zake.

Kwa Waturkana wa zamani, mwanaume akiua adui vitani hukatwa alama. Ameua mwanaume, anakatwa bega la kulia. Ameua mwanamke, la kushoto. La kulia huimbiwa. La kushoto hukatwa pia, kwa sababu damu ni damu na lazima mtu aoshwe, lakini halina wimbo, na mwenye nalo huvaa shuka yake ikifunika upande huo. Na mtu hawezi kudanganya mbele ya mkataji. Wazee wanasema kidonda cha uongo hakifungi, kinaoza mpaka mfupa uonekane.

Ebei hakuwa na alama ya kulia wala ya kushoto. Alimaliza shule, akaandikwa jeshini, na kila likizo alikuja na sukari, unga na viatu vya kung'aa. Jirani yao Nakiru, mwanamke mwenye mdomo wa kupasulia kuni, hakukosa neno.

"Mama Ebei, huyu wako ni askari ama ni karani? Hiyo bunduki anapewa ya kupigia picha?"

Wanawake waliopanga magunia ya makaa kando ya lami wanacheka. Nakaale anacheka nao, halafu anarudi nyumbani na kile kicheko kimemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Basi Ebei akapelekwa ng'ambo ya mpaka, nchi ya Wasomali, kupigana. Mwaka ulipogeuka, Felix, mtoto wa dada yake Nakaale, aliyepata kazi kwenye ofisi za kaunti tangu serikali iletwe karibu, alifika na pikipiki mpaka mlangoni, simu iko mkononi hata kofia hajavua.

"Mama mkubwa, kaa chini kwanza. Kaa."

Kwenye simu, Ebei amesimama wima na sare imepigwa pasi, na bwana mkubwa mmoja anambandika nishani kifuani. Felix akasoma maneno ya chini. Gari lao lililipuliwa karibu na vijumba fulani. Wenzake walilala wazi wamejeruhiwa, risasi zinatoka upande wa nyumba. Koplo Ebei alivuka uwanja peke yake, akawanyamazisha waliokuwa wakipiga, akarudi kuwabeba wenzake mmoja baada ya mwingine, na mkono wake mwenyewe unavuja damu.

"Rudia hapo," Nakaale alisema. "Hapo pa kunyamazisha."

Felix akarudia.

"Kunyamazisha ni kuua?"

"Ni kuua, mama mkubwa. Ni vile tu serikali inaandika."

Nakaale alitoka nje akasimama mahali ambapo Nakiru angemwona vizuri. Alisimama tu, mikono kiunoni, mpaka Nakiru akauliza mwenyewe.

Ebei alipokuja likizo, alishuka barabarani akaja kwa mguu, lakini hakupita lango la boma. Alikaa nje ya ua wa miiba, juu ya begi lake. Nakaale alimwendea na maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, na moyo ukamruka kwa furaha, kwa sababu alijua maana yake. Mtu aliyeua na hajaoshwa haingii boma la mama yake. Kwa hivyo mtoto hakuwa amesahau mila.

"Iko wapi hiyo nishani nione?"

"Iko kwa soksi, huko chini ya begi. Wacha tu, mama."

"Kwa soksi! Kitu ya serikali!"

Ebei hakucheka. Alikuwa amekonda shingoni, na alipopokea kikombe alikipokea kwa mikono miwili kama mzee.

"Mama, nataka kuoshwa. Silali. Daktari wa jeshi alinipa dawa, nikawa nalala lakini usingizi wenyewe ni mbaya kuliko kukesha. Nataka vile mlimfanyia baba."

"Nilijua! Nitamwita Apa Akolong. Bado ako na mkono, huyo mzee, bado anakata."

"Lakini sikia. Mimi na wewe na mzee. Basi. Sitaki watu. Sitaki mtu aimbe."

"Kwa nini watu wasiimbe?"

Ebei alimimina maji yaliyobaki chini, polepole, akaangalia yakinywewa na mchanga.

"Niahidi tu."

"Sawa. Wewe na mimi na mzee. Haki ya Mungu."

Akaondoka kwenda mjini kulala kwa Felix hadi siku ya mzee kuja. Nakaale alimtazama mpaka akapanda gari, na kabla hilo gari halijapotea alishaanza kuhesabu sufuria kichwani. Tusimwonee, hakuvunja ahadi kwa ubaya. Alijiambia hivi: mwanaume wa kweli hajisifu, husifiwa. Hata Lodio alikataa wimbo, akavutwa kwa nguvu, na baadaye akacheza mpaka viatu vya matairi vikakatika. Mtoto amefuata baba.

Jioni hiyo alienda kwa Ubah.

Ubah alikuwa Msomali mwenye hoteli ya chai pale kituoni, yenye mabati ya buluu na mapazia ya maua. Urafiki wao ulianza Ebei akiwa mchanga. Nakaale alishikwa na homa ya matumbo akalazwa hospitali ya mjini, na Ubah, aliyekuwa ananyonyesha wake, alimchukua Ebei akamweka titi la pili. Ndiyo maana hakumwita Ebei kwa jina. Alimwita mwanangu, na Ebei alimwita hooyo, mama. Utoto wake wote alishinda kwenye ile hoteli, akijua Kisomali kuliko watoto wengine wa Ngaremara.

"Salaam aleikum, Ubah. Umesikia habari ya mtoto wetu?"

"Nimesikia, nimeona kwa simu, nimelia. Wallahi nimelia. Hao watu wa huko wameharibu nchi ya babu zetu, wamemaliza hata jamaa zangu. Mwanangu amefanya vizuri. Unataka nini? Pilau?"

"Pilau. Na Waqo wa duka la nyama achinje mbuzi wa kula, ndio na nyinyi Waislamu mle. Wa mila atachinjwa kivyake na wazee."

"Wa mila ni wa kupaka ule uchafu wa tumbo? Huyo sitakuwa karibu, harufu yake naijua." Wakacheka wote wawili mpaka Ubah akajifuta macho na ncha ya mtandio.

Felix naye hakuwa wa kulaza jambo. Alipoombwa viti kumi na tano tu, na asimwambie Ebei, alileta hema la kaunti, jeupe lenye mistari ya kijani, viti vya plastiki lori nusu, jenereta, na spika mbili ndefu kama milango. Mheshimiwa wa wadi alituma salamu na katoni za soda. Mashemeji walipanda gari kutoka Leparua. Nakiru mwenyewe alikuja asubuhi na mapema, shanga zimepakwa mafuta, akasema, "Mama Ebei, leo mdomo wangu ni wako. Nitamwimba mpaka asikike Kinna." Nakaale alihisi kama mtu aliyewekewa kiti baada ya kusimama miaka.

Ebei aliletwa na Felix karibu saa nne. Aliposhuka na kuona hema, alisimama na mkono bado uko kwenye mlango wa gari. Vigelegele vikapanda. Alitafuta kwenye kile kikundi mpaka akampata mama yake, akamwangalia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtoto aliyedanganywa kwamba sindano haitauma.

Nakaale alimkimbilia akamshika mkono. "Ni watu wa nyumbani tu, mwanangu."

"Uliapa," Ebei alisema, sauti ya chini.

"Nyamaza, watu wanaona."

Angeweza kurudi kwenye gari. Lakini Akolong alikuwa ameshakaa tayari kando ya ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa, mzee mwembamba mwenye kofia ya manyoya ya mbuni na soda ya machungwa katikati ya magoti, wembe mpya bado uko kwa karatasi yake, na miiba mirefu imepangwa juu ya jani. Mbuzi wa mila, mweusi mwenye doa kwenye paji la uso, alikuwa ameshikwa pembe. Na Ebei alikuwa amechoka kutolala. Akavua shati.

Felix alisoma tena ile habari kwenye spika, maneno yakagonga mpaka milima ile ya upande wa Samburu. Aliposema "akawabeba wenzake mmoja baada ya mwingine", Ubah, aliyesimama nyuma kwenye masufuria na mwiko mkononi, alisema kwa sauti, "Ndiyo, mwanangu!" na watu wakamgeukia wakapiga makofi.

Mbuzi akachinjwa. Akolong akapasua tumbo, akatoa yale majani mabichi ya ndani, yakitoa moshi, akampaka Ebei usoni, kifuani, mikononi hadi kwenye viganja, akinong'ona maneno yake. Harufu kali ikafika kwenye hema. Ebei alifunga macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yalishuka kidogo.

Akolong akaokota mwiba. Mwiba ndio unaoinua ngozi, wembe unapita chini yake.

"Sasa kijana. Bega gani?"

Ni swali la desturi. Wengi hawangelisikia, lingekwisha pale kwenye ngozi kati ya watu wawili. Lakini Felix hakutaka watu wa nyuma wakose. Alichuchumaa na kumwekea Ebei maikrofoni mdomoni. Nakiru alikuwa ameshavuta pumzi ya wimbo.

"La kushoto," Ebei alisema.

Spika ilisema la kushoto mpaka barabarani.

Pumzi ya Nakiru ikatoka bila wimbo. Vijana walitazamana hawajui kitu. Wazee walijua, wakaanza kuangalia chini, mmoja mmoja, kama watu wanaotafuta sarafu mchangani. Mtoto mmoja wa shule akamuuliza bibi yake, "Kushoto ni nini?" akafinywa.

Sasa hapa ndipo Nakaale alifanya jambo ambalo hakuna aliyemsukuma kulifanya. Alipita katikati ya wazee, akaanguka magoti juu ya ngozi, akamshika mtoto wake uso ule uliopakwa.

"Amechanganya! Jeshini wanageuzwa kushoto kulia, kushoto kulia, amechanganya! Apa Akolong, ngoja." Halafu, kwa sauti aliyodhani ni ya sikioni: "Sema kulia. Si kulikuwa na wanaume pia? Sema kulia tu, mwanangu, kwa ajili yangu."

Felix hakuwa ameondoa maikrofoni. Mkono wake ulikuwa umeganda. Kila neno lilitoka kwenye zile spika mbili, kubwa, safi, na "kwa ajili yangu" ikawa ya mwisho kusikika.

Akolong alirudisha mwiba juu ya jani. "Mama Ebei, unataka bega la mtoto wako lioze?"

Hakuna aliyezima jenereta. Ebei aliishika maikrofoni mwenyewe, si kwa kutaka kusema, alitaka kuisukuma kando, lakini ilikuwa mkononi tayari na macho yote yalikuwa kwake.

"Wanaume sikuwapata," alisema. "Walikuwa wametoroka kwa nyuma, mimi sijui. Nilifika kwa mlango, ndani kukasikika mtu. Mwanamke. Alisema, ngoja, natoka. Kwa Kisomali. Wenzangu wote hawajui Kisomali, mimi najua. Nilisikia na nikaelewa. Lakini kidole kilikuwa kimeshaenda. Halafu nikarudi nikawabeba wale wengine. Hiyo ni kweli. Hiyo waliandika ni kweli."

Akaweka maikrofoni mchangani, ikalia mlio mkali, na hapo ndipo Felix alikimbia kuzima.

Nyuma, Ubah alikuwa bado ameshika mwiko. Miaka yote aliyokaa Ngaremara, hakuhitaji kufafanuliwa bega. Aliuweka mwiko juu ya mfuniko wa sufuria, akafunga mtandio vizuri, akapita kando ya hema bila kukimbia, akaenda zake kituoni. Pilau ilibaki motoni, ikaanza kushika chini.

Akolong alikata la kushoto. Mwiba unainua, wembe unapita, mstari baada ya mstari, na majivu juu yake. Hakuna aliyeimba. Ilisikika sauti ya wembe tu na mbuzi wengine zizini. Watu walikula, maana chakula hakitupwi, lakini walikula wakiangalia sahani, na waliopika walipakua harufu ya kuungua bila kuisemea. Mashemeji wa Leparua walikumbuka kwamba mbuzi wao wamebaki na mtoto mdogo. Nakiru ndiye aliyekaa mpaka mwisho. Nakaale alimngoja apasue kuni zake, amalizane naye. Nakiru alikusanya viti, akavipanga, akaosha sahani, na alipoaga alisema tu, "Pumzika, dada." Hilo lilimuuma Nakaale kuliko mizaha yote ya zamani.

Alasiri jua likiwa bado kali, Nakaale alibeba sufuria za Ubah kichwani, amezikwangua kwa mchanga mpaka zikang'aa, akaenda hoteli. Mapazia ya maua yalikuwa yamefungwa. Ubah alikuwa ndani, ameketi kwenye mkeka, ametoka kuswali. Hakusema karibu, na hakusema toka.

Nakaale aliteremsha sufuria. "Sikujua, Ubah."

"Najua hukujua."

"Mtoto hakukusudia. Unamjua. Ni wewe ulimnyonyesha."

"Ndiyo maana nimekaa hapa nashindwa kusimama." Ubah alivuta ukingo wa mkeka, akaulainisha. "Unajua ni nini inanikata? Hicho Kisomali ni mimi nilimpa. Akiwa mdogo hivi, hapa hapa. Angekuwa hajui, angesema tu alisikia kelele. Angelala usingizi."

"Msamehe."

"Mimi?"

"Wewe ni mama yake. Na wewe ni wa watu wale."

Ubah alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nakaale, mimi simjui huyo mwanamke. Sijui jina lake, sijui ni wa ukoo gani, sijui kama alikuwa na mtoto mgongoni. Simsamehe mtu kwa mdomo wa mwingine. Hiyo si yangu kutoa."

Nakaale aliangalia miguu yake, yenye vumbi la ile njia.

"Lakini mimi nina langu," Ubah akaendelea, "na hilo ni lako wewe, si la mtoto. Alikuwa anasema kweli mbele ya watu wote, na wewe ukamwambia adanganye. Huyo mwanamke alikuwa amekufa, na wewe ukataka afe tena ndio upate wimbo. Na mimi nimesimama pale nakupikia."

Nakaale alikuwa na maneno: kicheko cha wanawake wa makaa, ngozi laini, miaka. Yote yalimfikia ulimini na yote yalikuwa madogo.

"Nenda kwa mtoto," Ubah alisema. "Hicho kidonda kinataka samli."

Ebei alikuwa ndani ya boma sasa, aliruhusiwa kuingia. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, amefunika bega kwa shuka ya baba yake, ile ya miraba myekundu na myeusi. Hema lilikuwa limeshang'olewa, limeacha mashimo ya vigingi mchangani. Nakaale alileta samli kwenye kibuyu, akakaa nyuma yake, akashusha shuka polepole. Mikato ilikuwa imevimba, midogo midogo, safi. Akolong hakuwa amepoteza mkono. Alianza kupaka kwa kidole cha mwisho, kile chepesi.

"Umetoka kwa hooyo?" Ebei aliuliza.

"Ee."

"Amesema nini?"

Kidole kilisimama. Ingekuwa rahisi sana. Angesema, amesema amekusamehe, anakusalimia, anakuletea chai kesho. Mtoto angeegemea nyuma, angelala. Hakuna spika hapa, hakuna mzee wa kusema kidonda kitaoza. Nakaale aliyasikia hayo maneno yakija yenyewe, matamu, yamejipanga, na akaona aibu ikimpanda tena toka miguuni, kwa sababu yalikuwa yamekuja haraka hivyo.

"Amesema hawezi kukusamehe. Kwamba hiyo si yake kutoa, ni ya yule mwanamke."

Ebei alikunja ncha ya shuka vidoleni.

"Na amesema lawama yake yeye iko kwangu, si kwako. Kwa kukuambia udanganye."

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Alitegemea Ebei amwambie hapana, mama, si hivyo. Mtoto mwema angesema. Ebei alikuwa mtoto mwema, na hakusema. Aliinamisha tu kichwa mbele kidogo ili apate nafasi, naye Nakaale akachovya kidole tena kwenye samli, akaendelea na mstari uliofuata. Alishukuru kwamba alikuwa amekaa nyuma yake, asimwone uso.